Kadi ya Msiba wa Mama Aliye Hai

Mpendwa Bi. Khamisa,

Msaada ninaouomba kwako hauwezi kungoja, kwa sababu Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao ukoo wetu utakutana hapa nyumbani kwangu Mbooni, nami nimeazimia kumtaja mbele ya wazee mtu aliyemtangaza mama yangu kuwa amefariki, ilhali mama yangu yu hai, anakula, anatembea hadi kisimani na kunikemea kila asubuhi kwa jinsi ninavyovaa kofia ndani ya nyumba, na mtu huyo ninayetaka kumtaja ni mke wa mwanangu, jina lake Kathini. Barua hii nimeiandika kwa kalamu na kuipeleka posta kwa mkono wangu mwenyewe, maana siku hizi siiamini mashine, na wanaoikaribia mashine siwaamini hata kidogo.

Nianze mwanzo. Mimi ni mtumishi mstaafu wa idara ya maji na ni katibu wa chama cha kuzikana cha ukoo wetu, chama chenye watu hapa milimani, Kitui, Nairobi, Mombasa na hata ng'ambo, na kwa kuwa watu wametawanyika hivyo, kila tangazo la msiba hutoka kwangu kwa barua pepe, kupitia kompyuta iliyo sebuleni mwangu, na mimi ndiye niliyeweka kanuni, ambayo wote waliipitisha kwa makofi, kwamba tangazo likishafika, mtu yeyote asimpigie mfiwa simu kumuuliza kama ni kweli, kwa sababu hakuna ukatili unaozidi ule wa kumlazimisha mtu arudie kwa kinywa chake kwamba mama yake amekufa. Anayepata habari husoma kadi, hutuma rambirambi na kunyamaza mpaka siku ya maziko. Kanuni hiyo imetuletea heshima kwa miaka mingi, na koo nyingine zimeiiga.

Basi, mvua za vuli zilipokatika, nilipata barua pepe kutoka kwa Ndolo, mwenzangu wa zamani kazini ambaye sasa analima huko Kalamba, ikisema kwamba mke wake ametutoka na kwamba mipango yote imo katika kadi iliyoambatishwa, nami nikaifungua kadi, ikanitaka niandike anwani yangu na neno langu la siri ndipo ionekane, nikaandika, ikasema nimekosea, nikaandika tena polepole, kisha ikanitaka niweke programu ya kusomea kadi, kompyuta ikaniuliza kama ninairuhusu programu hiyo, nikairuhusu, kwani ni nani atakayemfungia mfiwa mlango, lakini kadi haikufunguka, nikasema ni mtandao wetu wa milimani, nikatuma rambirambi kwa nambari ya simu iliyokuwa chini ya barua, nikanyamaza kama kanuni isemavyo. Kalamba sijaenda kumpa Ndolo pole kwa sababu ya magoti yangu, jambo linalonihuzunisha, lakini silo lililonileta kwako.

Lililonileta ni hili. Muda mfupi baadaye, Jumapili baada ya ibada, nilikuwa nimeketi barazani nilipowasikia kina mama wa kanisa wakipanda mlima huku wakiimba wimbo wa maombolezo, nikajiuliza ni nyumba gani iliyopatwa, na walipotokeza walikuwa na kuni kichwani, sukari na majani ya chai mikononi, na mmoja wao analia kwa sauti, wakaingia uani kwetu, wakamkuta mama ameketi mlangoni pake akichambua mbaazi.

"Karibuni, wanangu," mama akawaambia. "Ni nani aliyekufa?"

Wimbo ulikatika kama uzi. Kiongozi wao alimtazama mama, akanitazama mimi, kisha akamwita bibi kwa Kikamba, akasema, "Hakuna, Susu. Tumekuja kukusalimu tu."

"Kwa kuni?"

"Kuna baridi, Susu."

"Na huyo anayelia?"

"Huyo ana mafua."

Mama akaweka ungo chini, akautazama ule mfuko wa sukari. "Ikiwa ni mimi niliyekufa," akasema, "leteni hiyo sukari niionje mwenyewe. Nilipokuwa hai hamkuwahi kuniletea."

Wakacheka, na aliyekuwa akilia akacheka kuliko wote, chai ikapikwa, nami nikacheka pia. Lakini walipokwisha kwenda mama hakula chakula cha mchana, akaniita karibu, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, umechoka nami?" Bi. Khamisa, mimi ni mtu mzima mwenye wajukuu, na swali hilo nimelibeba tangu siku hiyo kama jiwe ndani ya kiatu.

Ndugu yangu mdogo, Mutisya, anayeishi Kitui mjini, alitii kanuni yangu, hakupiga simu, akafika akiwa amevaa suti nyeusi na akilia tangu barabarani, akamkumbatia mama mpaka mama akamwambia aache kumkunja nguo, kisha akanigeukia mimi akasema mbele ya watoto, "Kaka, unamharakisha mama kwa ajili ya shamba la miparachichi?" Akanionyesha barua kwenye simu yake, nami nikaona kwa macho yangu kwamba ilitoka kwenye anwani yangu, ina jina langu, ina cheo changu cha katibu, na inasema: Mama yangu amelala, fungua kadi uone mipango. Imekwenda kwa kila mtu niliyewahi kumwandikia, ukoo mzima, kanisa, na wenzangu wa kazini, zote zimetoka kwa dakika moja. Sasa wazee wanasema neno hilo limeshatoka na haliwezi kurudi bila mbuzi wa utakaso, na Mutisya anasema mbuzi hatoshi, kwanza mwenye kinywa ajulikane.

Mwenye kinywa nimemtafuta kwa makini. Kwanza nilimshuku jirani mmoja aliyewahi kuleta kifaa chake kidogo cha kuhifadhi faili ili nimchapishie kadi za harusi, lakini tangu hapo amehamia Makindu. Kisha nikamshuku kijana wa mchungaji, kwa sababu anajua sana kompyuta na ananisalimia mno. Mwishowe nikamtazama aliye ndani ya nyumba.

Kathini anasuka vyondo, vile vikapu vyetu vya mkonge, na kuviuza kwa watu wa mbali, na mwanangu, ambaye yuko kazini Mombasa, aliniomba nimruhusu mke wake atumie kompyuta yangu kuwaandikia wateja. Nikaruhusu. Neno langu la siri limebandikwa kando ya kioo cha kompyuta kwa sababu kichwa changu hakishiki tena kama zamani, kwa hiyo analijua. Tena kila ninapoingia sebuleni yeye huinuka upesi, huzima kioo, huinamisha macho na kutoka bila kusema neno. Mtu asiye na la kuficha huzima kioo kwa nini? Mikono yake ni myepesi, msusi wa vyondo anaweza kufanya kazi nyingi kwa dakika moja. Na juzi nimeona mkoba wake umefungwa kando ya kitanda, mlango ukiwa wazi, nayo ni dalili ya mtu anayejiandaa kutoroka.

Nilichukua hatua. Nililibadilisha neno la siri kwenye kompyuta ile ile, nikaliandika jipya na kulificha ndani ya Biblia, nikatia kufuli kwenye mlango wa sebule na ufunguo nikauvaa shingoni. Kathini alikuwa ameondoka kwenda kwao Tseikuru, ambako mbuzi wa baba yake walikuwa wakifa kwa ugonjwa, kijiji ambacho mtu hupanda kilima kutafuta mtandao, na akiwa huko huko barua nyingine ikatoka kwa jina langu ikisema kwamba maziko ya mama yameahirishwa na michango bado inahitajika! Umeona ujanja wake? Amejua kufanya hata akiwa mbali.

Usidhani mimi ni mzee wa kudanganywa kirahisi. Kila ninapowasha kompyuta hutokea kidirisha chekundu kikidai kwamba ulinzi wake dhidi ya virusi umekwisha muda, nami hukifunga mara moja, kwa sababu najua hivyo ndivyo matapeli wanavyowatisha wazee. Nimekifunga zaidi ya mwaka sasa.

Mke wangu ananiambia, "Muulize mtoto wa watu." Nitamuulizaje? Kwetu baba mkwe na mkaza mwana wana heshima kati yao, hawaketi wakahojiana kama polisi na mshtakiwa. Nimemwambia Mutisya peke yake, kwa simu, na nilisema kwa sauti kwa sababu mstari ulikuwa mbaya. Kathini alikuwa amekwisha kurudi, naye alikuwa jikoni.

Basi naomba unieleze mambo mawili, namna ya kuitega kompyuta ili imnase akiwa kazini, na maneno ya kumtaja kwayo Jumamosi ili ukoo ukubali arudishwe kwao bila fedheha kumwangukia mwanangu. Nikishindwa, mama yangu atakufa siku yake ikifika akiamini kwamba mimi ndiye niliyemtangulizia kaburi.

Ni mimi,
Kiilu, Mbooni

*

BI. KHAMISA ANAJIBU

Ndugu Kiilu,

Pole. Mama kukuuliza kama umechoka naye ni jeraha, na sitalifanyia mzaha. Lakini pole hiyo ikishapokewa nitakukemea, kwa sababu umeniomba mtego wa kumnasa mtu ambaye barua yako yenyewe inamtoa hatiani, na ungeisoma mara moja kabla ya kuifunga bahasha ungeliona hilo bila msaada wangu.

Umeandika kwa mkono wako kwamba barua ya pili ilitoka wakati Kathini yuko Tseikuru, katika kijiji ambacho mtu hupanda kilima kutafuta mtandao, akiwa na baba yake na mbuzi wanaokufa. Hukuwa na ushahidi dhidi yake, ulikuwa na ushahidi wa kumtetea. Badala ya kuushika, ukaugeuza kuwa ujanja wake. Mtu akishaamua nani mwizi, hata kutokuwapo kwake hugeuka kuwa kosa. Ungemkuta amelala ungesema anaiba ndotoni.

Unasema kwamba ukiingia yeye huinuka, huzima kioo, huinamisha macho na kutoka. Nieleze, ndugu yangu, ni mkaza mwana gani katika milima yenu atakayeendelea kuketi na kubofya baba mkwe wake akiingia? Angebaki ameketi, ungeniandikia barua nyingine kulalamika kwamba hana adabu. Heshima mliyomfundisha ninyi ndiyo unayomhukumia sasa. Na ule mkoba sio wa mtu anayetoroka. Ni wa mwanamke aliyekuwa jikoni ulipokuwa ukipiga kelele kwenye simu.

Mambo ya mashine siyajui, wala sijifanyi kuyajua. Kwa hiyo niliichukua barua yako, nikafunika majina, nikampelekea Ummi, fundi wa kompyuta hapa Mwingi, ambaye ndiye ninayemkimbilia yangu inapokwama. Aliisoma akiwa amesimama, na alipofika kwenye kufuli akaketi.

"Bibi, huyu mzee amefunga mlango kwa kufuli na mwizi yuko ndani, ameketi kitini," akaniambia.

"Mwizi yupi? Mkaza mwana?"

"Mkaza mwana wa nini? Barua za ukoo mzima kwa dakika moja! Huyo msusi ana mikono mingapi? Mwizi ni ile programu ya kusomea kadi. Hakuna programu ya kusomea kadi. Aliiruhusu mwenyewe, ikaingia, ikakaa. Kila neno la siri analoandika kwenye mashine hiyo linaonekana. Amelibadilisha kwenye mashine ile ile, kisha akalificha ndani ya Biblia!"

"Usiicheke Biblia ya mtu."

"Siicheki, bibi. Namcheka aliyeficha karatasi na kumwonyesha mwizi maandishi."

Sasa nakuuliza swali ambalo hukujiuliza, nawe ujibu ukiwa peke yako. Mke wa Ndolo amekufa lini? Nani alikuambia zaidi ya ile barua? Ulimwona Ndolo? Ulisikia sauti yake? Kuna mtu wa Kalamba aliyekutajia kaburi? Umemzika mwanamke huyo kwa sababu kioo kilikuambia, ukatuma rambirambi kwa nambari usiyoijua, ukanyamaza. Panda boda boda, magoti yako yatastahimili, uende Kalamba. Nina shaka kubwa kwamba utakaribishwa na marehemu mwenyewe na kikombe cha chai. Ukimkuta hai, usishangae mbele yake, mnong'oneze Ndolo kwamba anwani yake pia imeingiwa, naye awaambie watu wake. Na ikiwa kweli amefariki, basi utakuwa umefanya lililokupasa tangu zamani, kumpa mfiwa pole kwa mkono.

Angalia jinsi hila hii ilivyotembea. Aliyeitunga hakuhitaji kuwadanganya ninyi wote. Alihitaji mahali ambapo watu wamekatazwa kuuliza, na mahali hapo ulimjengea wewe. Kanuni yako ya kutompigia mfiwa simu ilitokana na huruma, nakubali, lakini imewafanya watu wazima wakubali kifo cha mama yako bila kumtafuta mtu mmoja wa kusema ndiyo au hapana. Hata ndugu yako wa damu alivaa suti nyeusi kabla ya kuuliza. Umemshuku jirani, ukamshuku kijana wa mchungaji kwa kukusalimia mno, ukamshuku mtoto wa watu kwa kukuheshimu. Kitu pekee ambacho hukukishuku ni kadi isiyo na uso iliyokuomba neno lako la siri mara mbili.

Kuhusu kile kidirisha chekundu, hapa nitakupunguzia lawama kidogo, kwa sababu Ummi anasema vipo vya kweli na vipo vya uongo, na mtu hapaswi kubofya kilichomrukia usoni. Lakini kukifunga mwaka mzima bila kumuuliza mtu anayejua ni uzembe uliovaa joho la busara. Njia iliyo sawa ni kukiacha, kwenda mwenyewe kwenye mipangilio ya kompyuta na kutazama huko kama ulinzi unafanya kazi. Ulimfukuza bawabu kwa kumdhania mwizi, na mwizi ukamfungulia kwa kumdhania mfiwa.

Basi fanya hivi, na ufanye leo. Chomoa waya wa mtandao kwenye kompyuta hiyo, au uzime mtandao wa nyumba nzima, wala usiurudishe mpaka fundi awe ameisafisha mashine. Usiandike neno lolote la siri juu yake. Tumia simu au kompyuta nyingine iliyo salama, ya mtu unayemwamini, ubadilishe neno la siri la barua pepe yako ukiwa huko. Liwe refu, liwe sentensi ambayo wewe peke yako ungeifikiria, wala lisiwe jina la mtu wa nyumbani. Kisha washa ule ulinzi wa pili, ambao kila mgeni akijaribu kuingia, nambari hutumwa kwenye simu yako kwanza, na ukipigiwa na mtu yeyote akikuomba nambari hiyo, hata akijiita nani, ukate simu. Ungali humo, tafuta mahali pa kuwatoa wote walioingia kwa jina lako, na utazame kama kuna amri ya siri inayopeleka nakala za barua zako kwa mtu usiyemjua. Ummi anasema wezi hupenda kuacha dirisha hilo wazi hata baada ya kufukuzwa. Ikiwa umewahi kushughulikia mambo ya benki kwenye kompyuta hiyo, iarifu benki yako siku hiyo hiyo.

Kompyuta ipeleke kwa fundi anayefahamika, kwa mkono, wala usimpe mtu akupelekee. Mweleze kila kitu, pamoja na ile programu uliyoiruhusu. Usione haya, fundi si kadhi. Akushauri kama itasafishwa au ifutwe yote na kuanzishwa upya, na kabla hajafuta aziokoe faili za chama na picha za familia, azikague, kisha uwe na nakala yake katika kifaa kinachokaa kabatini, si kilichochomekwa kwenye mashine daima. Ikirudi, iwe inajisasisha yenyewe, ulinzi wake uwe hai, na vifaa vya majirani visichomekwe kabla ya kukaguliwa, hata kama harusi ni kesho. Tena mtengewe milango miwili ya kuingilia humo kompyutani, mmoja wako na mmoja wa Kathini, kila mmoja na neno lake la siri, na ile mamlaka ya kuruhusu programu mpya iwekwe kando, pasiwe na anayeweza kuitumia kwa haraka au kwa huzuni. Karatasi iliyo kando ya kioo uichome. Ukihofia kusahau, liandike neno lako mahali pengine na ukalifungie sandukuni.

Wote waliopata barua zile wapigie simu, mmoja mmoja, kwa sauti yako. Najua ni wengi. Usiwaandikie, kwa kuwa maandishi yako hayana thamani kwa sasa. Waambie mama yu hai, kadi isifunguliwe, na aliyekwisha kuifungua afanye kama ninavyokuagiza wewe. Ile nambari iliyopokea rambirambi ipeleke kwa kampuni ya simu na kituo cha polisi. Sikuahidi kwamba fedha zitarudi, lakini itazuiwa isimnase mwingine.

Halafu kuna Jumamosi. Mkutano uwepo, usiuahirishe. Simama mbele ya wazee na useme kwamba wewe, katibu, ulifungua kadi ambayo hukupaswa kuifungua, na kwamba neno la kifo halikutoka katika kinywa cha mtu yeyote wa nyumba yako. Wakitaka mbuzi, mchinje, mle, lakini waambie wazi kwamba mbuzi hatatoa programu kwenye kompyuta. Kisha uwaombe waivunje kanuni yako na kuweka nyingine. Tangazo la msiba liandikwe lote ndani ya barua yenyewe, pasiwe na kadi ya kufunguliwa, na kila anayelipokea ampigie mtu mwingine wa nyumba hiyo, sio mfiwa, asikie kwa sikio lake kabla ya kutoa chochote. Kuuliza si ukatili. Ukatili ni kumwacha mwanamke mzee aulize mwenyewe kwamba ni nani aliyekufa.

Mutisya atakurushia maneno tena kuhusu shamba. Mwache. Alimlilia mama yake kutoka barabarani, na mtu wa namna hiyo hasira yake hupoa.

Mambo hayo yote yanaweza kufuatana kwa siku kadhaa. Hili la mwisho haliwezi. Leo, kabla ya jua kuchwa, nenda nyumbani kwa mama yako, umwite mke wako, umwite na Kathini kabla hajauinua huo mkoba. Ikiwa heshima inakuzuia kumwambia neno uso kwa uso, basi geuka umtazame mama yako, useme naye huku Kathini akisikia, nayo itakuwa imefika. Usimtume mke wako aseme kwa niaba yako, kwa maana ulipomshuku hukumtuma. Sema, "Mama, sijachoka nawe, na mtoto huyu nilimshuku bure." Maneno hayo mawili yanahitaji mama aliye hai wa kuyasikia, nawe unaye. Usingoje kadi ya kweli.

Bi. Khamisa
Mwingi